"Dawa ya macho" iliyobaki kabatini: soma jina lake kwanza kabla hujamtia mtu

Muuza Dawa wa Majengo

Wakuu, mbukwenyi.

Msimu wa upepo na vumbi umeingia hapa Dodoma, na dirishani kwangu ombi ni lile lile tangu asubuhi: "Nipe dawa ya macho." Ukimuuliza mteja macho yana nini, anakutazama kama umemuuliza mshahara wake. Wengine wanakuja na kichupa kitupu walichopewa na jirani, wanataka "hicho hicho". Mimi ni mtu wa duka la dawa, si daktari wa macho, kwa hiyo waliosomea macho humu ndani ruksa kuingia kati. Lakini nataka hili liwafikie hasa wenye watoto: vile vichupa vidogo vinavyofanana vina dawa za aina tofauti kabisa, na kuna aina moja inayoweza kumpofusha mtu polepole huku mwenyewe akiisifia kwamba inamsaidia.

Tuanze na jicho lenyewe. Jicho jekundu si ugonjwa mmoja. Likiwa na bakteria utaona usaha mzito, wa njano au wa kijani, na asubuhi kope zimegandana kwa matongotongo mpaka uziloweshe ndipo zifunguke. Hapo antibayotiki ya matone au ya kupaka ina kazi yake, ingawa mara nyingi hata lingeachwa lingepona ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Likiwa na virusi linatoa majimaji, linakwaruza, linaanza moja kisha linahamia la pili, na haipiti siku nyingi nyumba nzima mnatembea na miwani ya jua. Mnaukumbuka mlipuko wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024, ule uliotikisa Dar na mikoa mingine. Watu walinunua kila kilichokuwa rafuni, na vingi havikuwa na la kufanya, maana antibayotiki haiui virusi. Aliyepona baada ya wiki mbili akasema dawa ya duka fulani ni kiboko. Angepona vile vile kwa kuosha macho kwa maji safi, kunawa mikono na kutochangia taulo.

La mzio nalo lina alama yake: linawasha. Linawasha hasa, mtoto anasugua macho kutwa. Kwetu huku lipo tele, na ndilo linalofungua mlango wa balaa ninalotaka kulisema.

Balaa lenyewe ni steroidi. Kwenye boksi utakuta dexamethasone, betamethasone, prednisolone au hydrocortisone. Majina mengi ya ukoo huu yanaishia na -sone au -lone. Mara nyingi imechanganywa na antibayotiki humo humo, mfano dexamethasone na gentamicin, au betamethasone na neomycin, ndiyo maana mtu anaapa katia "antibayotiki tu". Steroidi inazima wekundu haraka, iwe kilichouleta ni nini. Jicho la mzio linatulia, la virusi linatulia, na lenye fangasi nalo linaweza kutulia kwa muda mfupi, huku fangasi wakiendelea kula konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kwa sababu kinga ya mwili imeambiwa ikae pembeni. Yupo pia kirusi wa herpes, yule yule anayeleta malengelenge ya mdomo. Akiwa jichoni ukamtilia steroidi bila mtaalamu kujua, kidonda kinatambaa. Ukiendelea kwa majuma au miezi, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote, na mshipa wa kuonea ukishakufa haurudi. Mtoto wa jicho naye huja kwa njia hiyo, hata kwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Sisemi steroidi ni sumu. Madaktari wa macho wanaiandika kila siku, baada ya upasuaji kwa mfano, lakini wanakuwa wameiangalia konea kwa taa yao na wanakurudisha upimwe presha. Ni dawa ya cheti. Muuzaji anayekupa bila cheti kwa sababu "inafanya kazi chap" hajui anazima nini.

Namna ya kutia sasa, maana hata dawa sahihi tunaiharibu. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha matongotongo kwanza kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Dawa ikidondokea juu ya usaha haifiki popote. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini ifanye kijimfuko, tazama juu, dondosha tone moja. Mdomo wa chupa usiguse kope wala kidole. Fumba jicho taratibu, usipepese, halafu bana pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili. Tone moja linatosha. Jicho halina nafasi ya mawili, la pili linateremka shavuni na ni hela yako. Ukiwa na dawa mbili subiri dakika tano katikati, na ya mafuta iwe ya mwisho.

Chupa ikishafunguliwa ina maisha mafupi, kwa kawaida wiki nne, hata kama tarehe ya boksi inasema mwaka kesho. Andika kwa kalamu siku uliyoifungua. Matone ya kloramfenikoli mengi huandikwa yakae nyuzi 2 hadi 8, yaani kwenye friji. Kama huna friji mwambie muuzaji, akupe ya kupaka, ile inavumilia zaidi. Sasa mtu anaiacha kwenye dashibodi ya bajaji jua la saa saba la Dodoma, jioni anashangaa jicho halijapona. Na chupa moja ni ya mtu mmoja, tena kama mnaugua familia nzima ndiyo kabisa msichangie.

Kuna hali ambazo usinijie mimi, nenda hospitali moja kwa moja: maumivu makali, kuona kumepungua, kushindwa kutazama mwanga, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, jicho lililopigwa au kuingiwa na kitu, na kichanga cha chini ya mwezi mmoja kinachotoa usaha. Huyo wa mwisho usilale naye nyumbani. Kisonono alichopata kwenye njia ya uzazi wakati wa kuzaliwa kinaweza kutoboa jicho ndani ya siku chache.

Zabibu Kavu

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu, mimi nikitia matone ya kloramfenikoli nasikia uchungu kooni mpaka chai siitamani. Nimeuziwa feki?

Muuza Dawa wa Majengo

@Zabibu Kavu hapana. Machozi yana mfereji wake unaotoka pembe ya jicho kwenda puani, na dawa inapita humo humo hadi kooni. Ndiyo sababu nikasema bana ile pembe. Uchungu utapungua na dawa itabaki jichoni ilikotakiwa. Kwa dawa nyingine ni zaidi ya uchungu: timolol wanayotumia wenye presha ya macho ikipita huko inaweza kumkaba mwenye pumu. Kuhusu feki, angalia usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na lakiri ya kizibo. Ikiwa imeshakatwa kabla hujaigusa, rudisha.

Kijana wa Nkuhungu

Bibi yangu hakuwahi kujua hizo -sone na -lone zenu. Maziwa ya mama, au mkojo wa asubuhi wa mtoto, jicho safi. Mnatutisha tu muuze.

Mzee wa Kongwa

Kijana, bibi zetu walijua mengi, ila hesabu pia wale waliopofuka. Mimi nimekulia Kongwa. Nilipokuwa mdogo, mzee kushikwa fimbo na mjukuu akaongozwa njiani halikuwa jambo la kushangaza, na wengi wao waliharibiwa na trakoma, sisi tukiita vikope. Ugonjwa wenyewe unaanza utotoni, nzi wanatua kwenye matongotongo ya huyu wanahamia kwa yule, unarudi na kurudi mpaka kope ya juu inapata makovu kwa ndani, inajikunja, nywele zinakwangua kioo cha jicho kila ukipepesa. Akina mama waliumia kuliko sisi kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Walikuwa wanang'oa zile nywele kwa koleo ndogo, zinaota tena, fupi na kali zaidi.

Kongwa imechunguzwa na watafiti tangu miaka ya 80, na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilikuwa ndani ya kazi hiyo. Moja ya mambo waliyopima miaka ya 90 ni kunawisha watoto uso, pamoja na dawa. Watu walidai maji hayatoshi, na kweli maji kwetu ni shida, lakini kopo moja likitumiwa kwa akili linasafisha nyuso za watoto wengi. Dawa nayo zamani ilikuwa ile tetrasaikilini ya kupaka, mara mbili kwa siku, wiki sita. Nani anamaliza wiki sita na mafuta yanayofanya macho yawe na ukungu wakati wa kupalilia? Baadaye ikaja azithromycin ya kumeza, dozi moja, wagawa dawa wanapita kijijini na kijiti cha kupimia urefu ili wajue umeze kiasi gani. Ile ilibadilisha mambo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema dawa za macho ni biashara, nacheka tu.

Nesi wa Macho

Chukua maua yako mzee wetu. Niongeze kidogo hapo: watoto wa chini ya miezi sita kwenye ugawaji ule waliendelea kupewa tetrasaikilini ya kupaka, kwa hiyo ile bomba haijastaafu.

@Kijana wa Nkuhungu mkojo hauna uwezo wa kuua mdudu wa jicho, ila unaweza kumbeba. Mwenye kisonono akiuweka jichoni ameupeleka ugonjwa mahali pabaya kuliko ulipokuwa. Maziwa ya mama hayachomi, lakini bakteria wanayapenda pia. Ya majani yaliyotwangwa ndiyo sitaki hata kuyasikia. Konea yenye mkwaruzo mdogo ukiipaka majani umeipandia fangasi. Na hapa kwetu mkwaruzo ni jambo la kila msimu: bua la uwele, jani la mahindi, makapi wakati wa kupura mtama, kijiti cha mzabibu wakati wa kupogoa. Mkulima aliyechomwa na mmea, jicho likaendelea kuuma baada ya siku moja mbili, asitie chochote chenye steroidi. Aje aangaliwe. Fangasi wa jicho ana dawa yake, natamycin, na inatiwa kwa majuma mengi. Siprofloksasini, antibayotiki ya duka, haimgusi.

Kijana wa Nkuhungu

Haya nesi, mkojo nimeuacha. Bibi namtetea kwenye uzi mwingine.

Mchunga Ng'ombe

Sisi huku kijijini kuna ile bomba ya macho ya ng'ombe, inauzwa duka la pembejeo. Watu wanapaka. Si ni antibayotiki hiyo hiyo?

Muuza Dawa wa Majengo

Hapana mkuu, acha. Nguvu yake na vichanganyio vyake vimewekwa kwa jicho la ng'ombe, na nyingine zina steroidi ndani. Ya binadamu ipo, tetrasaikilini ya kupaka ya asilimia 1, na si ya bei ya kukutisha.

Mama Wawili

Samahani naomba msaada, uzi huu umenikuta pabaya. Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Macho yanamwasha tangu akiwa chekechea, weupe wa jicho umekuwa wa kahawia kahawia, anatoa uzi uzi mweupe asubuhi. Duka la karibu na nyumbani walinipa dawa ya matone, inamtuliza kabisa, ila tukiacha yanarudi, basi ikiisha nanunua nyingine. Nimeenda kuangalia kichupa baada ya kusoma hapa. Dexamethasone na neomycin. Nimwachishe leo?

Nesi wa Macho

Pole mama, na vizuri umekwenda kuangalia. Kwa maelezo yako inafanana na mzio wa macho wa watoto, ule mkali, unaopata wavulana zaidi, unaotesa miaka kadhaa kisha kwa wengi unapungua wakifika balehe. Hauambukizi, kwa hiyo hakuna mwalimu wa kumrudisha nyumbani. Na kwa kuwa si bakteria, ile antibayotiki ya humo ndani haina kazi.

Kuhusu kuacha: kwa mtu aliyetumia muda mrefu, kukata ghafla kunaweza kurudisha uvimbe kwa kishindo, na hapo ndipo wazazi wanakimbilia tena dukani. Mlete wiki hii hii, daktari ndiye atasema anapunguzaje. Kipimo anachokihitaji ni presha ya jicho, kutazamwa mshipa wa kuonea na kuangaliwa kama lenzi ya ndani ya jicho imeanza ukungu. Wengi wanakutwa salama, usikae ukilia. Lakini wapo wanaoletwa darasa la sita wakidhaniwa ni wazito shuleni, kumbe upande wa pembeni wameshapoteza kuona.

Kwa mzio huo kuna matone yasiyo steroidi, kama sodium cromoglicate au olopatadine, ambayo mtoto anaweza kutumia kwa muda mrefu bila hofu hiyo. Kasoro ya hilo la kwanza ni kwamba linachukua muda kuonyesha kazi, wazazi wanakata tamaa mapema na kusema halifai. Wakati mnangoja: kitambaa cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, kofia akienda shule, uso unawishwa akirudi. Na mzuie kusugua, kusugua kunaharibu umbo la konea.

Kumtia mtoto anayepigana: mlaze chali, afumbe macho, dondosha tone kwenye pembe ya ndani, mwambie afumbue. Linaingia lenyewe.

Boda wa Kikuyu

Mnaongea vizuri lakini hebu tuwe wakweli. Duka lipo hatua kumi, kliniki ya macho ni foleni, na siku nzima ya kazi imekwenda. Mtu wa kipato changu atafanya nini?

Muuza Dawa wa Majengo

Swali la haki kabisa, na sitakwambia kila jicho lipelekwe rufaa, hata wenyewe wangetufukuza. Macho yote mawili yana usaha, huna maumivu makali, unaona vizuri, hukuumia, huvai lenzi za kubandika jichoni: njoo dukani, chukua antibayotiki peke yake, kloramfenikoli au jentamaisini, au tetrasaikilini ya kupaka. Kloramfenikoli kwa siku mbili za mwanzo ni kila baada ya saa mbili ukiwa macho, sio mara mbili kwa siku kama wengi wanavyofanya, kisha unapunguza hadi mara nne, mpaka siku tano. Kama siku ya tatu huoni nafuu, hapo sasa nenda. Na hata hapo katikati kuna zahanati na kituo cha afya kabla ya rufaa. Ninachokuomba ukiwa dirishani kwangu ni kuuliza swali moja: "Hii ina steroidi?" Muuzaji akibabaika, rudisha kichupa.

Mhamiaji Toka Dar

Mimi navaa lenzi. Ofisi ilihamia Dodoma na macho yangu hayajahamia, vumbi la Mtumba kule Mji wa Serikali linanimaliza. Jicho moja limekuwa jekundu toka jana, natia matone juu ya lenzi.

Nesi wa Macho

@Mhamiaji toa lenzi sasa hivi, soma hili baadaye. Mvaaji lenzi mwenye jicho jekundu linalouma ni wa hospitali leo, si kesho. Bakteria anayependa lenzi anaweza kuila konea kwa siku moja au mbili. Dawa nyingi za matone zina kihifadhi kinachonasa kwenye lenzi pia. Nenda na hizo lenzi na kikopo chake.

Fundi Geti

Wakuu mafundi wa kuchomelea mmetusahau. Ukishachomwa na ule mwanga, saa nane za usiku macho yana mchanga, hulali. Kuna jamaa alipata dawa ya ganzi ya macho, unatia tone moja umepona. Tunagawana kijiweni. Ina shida?

Nesi wa Macho

Ina shida kubwa kuliko zote zilizotajwa humu, fundi wangu. Kile alichopata jamaa ni cha kutumia sisi wakati wa kukutoa chuma jichoni. Ganzi haiponyi kitu. Inazuia ngozi ya juu ya konea isijifunge, inakufanya usisikie ukijikwaruza, kwa hiyo kesho unahitaji tena, keshokutwa tena, mpaka konea inayeyuka. Kitupeni leo.

Jicho lililochomwa na mwanga hupona lenyewe ndani ya saa 24 hadi 48. Meza paracetamol, kaa gizani, weka kitambaa baridi, mafuta ya antibayotiki yanasaidia kulainisha. Likizidi hapo, au kama ni jicho moja tu linalouma, huenda kuna kipande cha chuma kimebaki na kinahitaji kutolewa. Na kuangalia moto kwa jicho lililofumbwa nusu, ndugu yangu, hiyo si kinga.

Fundi Geti

Nimekielewa. Kimekwenda chooni muda huu.

Zabibu Kavu

Mkitupa vichupa angalieni na watoto. Nyumba ya jirani walitia gundi ya viatu jichoni, ile ya haraka, umeme ulikuwa umekatika na kichupa kinafanana. Kope ziligandana, wakakimbizwa hospitali.

Muuza Dawa wa Majengo

Hiyo hutokea. Usivute kope, osha kwa maji mengi na uende. Na matone ya masikio yasikae droo moja na ya macho, yale ya sikio jichoni ni moto.

Mama Wawili

Nesi, nimeomba ruhusa kazini, nampeleka Alhamisi. Niende wapi, na nibebe nini?

Nesi wa Macho

Hapa mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Ukiwa upande wa Chamwino, Hospitali ya Mvumi wana huduma ya macho ya siku nyingi. Wahi asubuhi. Beba kila kichupa alichowahi kutumia pamoja na maboksi, hata vilivyoisha, na kadi ya bima kama anayo. Kama mnampaka wanja, siku hiyo asipakwe. Huenda wakamtia matone ya kutanua mboni, ataona ukungu na mwanga utamsumbua kwa saa kadhaa, kwa hiyo usipange arudi darasani mchana huo, na mbebee kofia.